Imondo Ndani ya Mchuzi

Nyinyi mliokulia Busia miaka ile ya tisini mtazikumbuka baiskeli za boda, kabla pikipiki hazijatuharibu masikio. Kiti cha nyuma kimeshonewa sponji na kufunikwa plastiki nyekundu, nyuzi za rangi zinaning'inia kwenye usukani, na mwenye baiskeli anakuvusha hadi upande wa Uganda kabla hujamaliza kutafuna kipande kimoja cha muwa. Zilibeba kila kitu: magunia ya mahindi, magodoro, wagonjwa, maharusi. Alhamisi moja nilikuwa nimesimama mbele ya nyumba yetu nyuma ya soko, nikaona boda inakuja na bata mzinga kwenye kiti cha nyuma, amefungwa miguu, shingo yake nyekundu imesimama wima kama mtu aliyelipa nauli yake.

Mama alikuwa ameagiza jogoo. Alimwagiza rafiki yake Nalongo, mama mmoja Mganda aliyekuwa akivusha matoke na kuyauza kwetu. Nalongo alishuka kwenye boda iliyofuata, akajifuta jasho na kumwambia mama kwa heshima ya kwao, "Nnyabo, jogoo zimeisha soko yote. Nimekuletea sekoko. Hii kwetu ni ya Krismasi, hakuna mgeni anaweza kuidharau." Sekoko ndilo jina la bata mzinga upande ule. Mama alimtazama yule ndege, yule ndege akamtazama mama, na mama akashika kiuno kwa mikono miwili. Hakuwa amewahi kupika kitu cha namna hiyo maishani mwake, na wageni walikuwa wanakuja keshokutwa.

Wageni wenyewe hawakuwa wa kunywa chai na kwenda zao. Walikuwa watu wa Funyula, jamaa za kijana mmoja mwalimu aliyeitwa Egesa, na walikuwa wanakuja kumwomba dada yangu Nabwire. Hii ilikuwa mara ya pili. Mwaka uliotangulia walikuja watu wa kijana mwingine, na mjomba wetu mmoja, aliyekuwa ameonja pombe ya busaa kabla ya wakati, akawatania vibaya kuhusu ukoo wao. Wageni wakainuka wakaenda, chakula kikabaki mezani kikitoa mvuke. Tangu siku hiyo wanawake sokoni walikuwa wananyamaza Nabwire akipita, halafu wanaendelea kuongea akishapita, hadi akaacha kabisa kwenda sokoni. Alikuwa ananituma mimi kila kitu, hata sabuni ya kuogea.

Baba alikuwa mlinzi wa reli kule Malaba. Alikaa huko wiki nzima, kwenye chumba kimoja karibu na zile foleni za malori zisizokwisha, na kurudi nyumbani Ijumaa jioni akinuka dizeli na moshi. Ijumaa hiyo alirudi, akamzunguka bata mzinga mara mbili, kisha akakaa kwenye kigoda na kuvua viatu polepole. "Hawa nao wakienda bila kula," akamwambia mama, "hakuna wa tatu watakuja." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza, maana baba akisema kitu polepole namna hiyo, usiku huo hakuna mtu anayelala vizuri.

Siku hiyo hiyo akaja Senge. Senge ni dada ya baba, na kwetu Senge akifika hata paka anakaa vizuri. Alitoka Nambale na kikapu chake na mwavuli wake, akakalia kiti cha baba bila kuuliza, akatuita wote jikoni. Senge mwenyewe hakuwa amekula kuku tangu azaliwe, maana alilelewa zamani ile ambapo mwanamke wa Kiluhya hali kuku, na wamisionari pamoja na mahubiri yao yote hawakufaulu kumtia hata kipande cha bawa mdomoni. Lakini sheria za kuku alizijua zote. Alitufundisha upya kama watoto wa chekechea: mgeni wa heshima anawekewa ndege mzima, viungo vyote, hakuna kinachopotea njiani. Na juu ya vyote, imondo.

Kwa wale mliosahau, au mliozaliwa juzi mkakulia kwenye chipsi, imondo ni firigisi, ile nyama ngumu ya tumboni ambayo ndege husagia chakula chake. Kwetu haina mchezo. Kila siku ni ya mwenye boma, na mtoto aliyeila kwa siri alichapwa na kusimuliwa hadithi yake kila Krismasi hadi aoe. Wakija wakwe, mwenye boma anaiachilia, inawekwa nzima mbele ya mkubwa wa wageni. Akiitafuta asiione, anajua nyumba hiyo imemwambia kitu bila kufungua mdomo. "Nimeona watu wakiacha ng'ombe wao nyuma na kwenda kwa sababu ya imondo," Senge alisema, na alipokuwa akisema hivyo hakuwa anamtazama mwingine ila mama.

Sasa mtajiuliza, mimi niliyeyasikia hayo yote kwa masikio yangu, nilikosea wapi. Ngoja niwaeleze vizuri.

Nilikuwa darasa la nane. Enzi zile darasa la nane lilikuwa kitu cha kutisha, si kama watoto wa sasa wanaoenda mtihani huku mama yao amewashikia chupa ya maji. Tulifika shule saa kumi na mbili na nusu na kuni mkononi, umande umelowesha magoti, na asiye na kuni hapewi uji. Mchana tulicheza kati, mchezo wa kukwepa mpira wa karatasi za nailoni, na blada kwa kamba ya mipira ya baiskeli iliyokatwa, tukiruka hadi kamba iko kwapani. Lakini raha yangu kubwa ilikuwa somo la sayansi kimu. Mwalimu wetu alitufundisha kuoka keki ndani ya sufuria yenye mchanga, makaa yakiwa juu ya kifuniko, na wavulana walikuwa wanachungulia dirishani kwa sababu ya harufu. Tulinakili pia mapishi ya vyakula ambavyo hatukuwa tumewahi kuviona na wala mwalimu hakuwa ameviona. Ukurasa mmoja wa daftari langu, niliopigia mstari kwa kalamu nyekundu, ulisema: Mchuzi Mzito wa Bata Mzinga.

Mimi ndiye niliyemwonyesha mama ukurasa huo. Alikuwa amekaa jikoni usiku wa Alhamisi akimfikiria yule ndege, na nilipomsomea akaniangalia kama mtu aliyerushiwa kamba mtoni. "Basi mchuzi ni wako," akasema. "Mimi nitapika nyama. Wewe na kitabu chako mpike mchuzi. Lakini Nafula, usiniaibishe." Nilijisikia mkubwa kuliko mwalimu mkuu. Kisha nikasoma mstari wa mwisho, alioukazia mwalimu mara tatu ubaoni, uliosema kwamba mchuzi wenye madonge ya unga ni mchuzi ulioharibika. Kuanzia hapo sikuwa na amani. Nililala nikiota madonge.

Jumamosi tuliamka kabla ya jogoo wa jirani. Baba alimchinja bata mzinga akisaidiwa na jirani yetu, na ndege yule aliwaburuta wote wawili hadi kwenye shamba la mihogo kabla hajatulia. Kumnyonyoa kulimaliza ndoo mbili za maji moto. Hakuenea kwenye sufuria yetu yoyote, ikabidi niende mbio kanisani kuazima ile ya kupikia wakati wa harambee, nikaja nayo kichwani huku watoto wakinifuata na kupiga ngoma kwenye kitako chake. Mama alimkata kwa viungo, Senge amesimama nyuma yake akitaja kila kimoja kwa jina. Vyote vikaenda kwenye ile sufuria kubwa. Vile vya ndani mama akaviosha, akaviweka kwenye bakuli la bati, akanisogezea. "Vya mchuzi," akasema, na akageuka haraka kupuliza moto uliokuwa unazimika.

Nataka mwelewe kwamba mama naye hakuwa anafikiria. Alikuwa na chapati za kusukuma, ugali wa wimbi wa kusonga, wageni njiani, na mulamwa wake, yaani wifi, amesimama mgongoni. Na ile imondo ya bata mzinga haikufanana na imondo tuliyoijua. Ilikuwa kubwa kama ngumi ya mtoto, nyeusinyeusi, na imekaa kama kitu cha mnyama mwingine kabisa. Daftari liliandika: chemsha shingo, moyo, ini na firigisi pamoja na kitunguu kwa saa moja, toa, katakata ndogo ndogo. Mimi nilifuata daftari kama mtu aliye kwenye mtihani. Kichwani mwangu sheria za Senge zilikuwa za kuku, na huyu hakuwa kuku. Alikuwa ndege wa kitabuni aliyekuja kwa boda kutoka Uganda.

Nikachemsha. Nikakata. Imondo ilikuwa ngumu hata baada ya saa nzima, kisu kikawa kinateleza, nami nikaona fahari kuikata ndogo kabisa, ndogo kuliko punje ya mahindi. Kisha nikachota mafuta yaliyoelea juu ya sufuria ya mama, nikayatia kwenye kikaango, nikamimina unga wa ngano na kuanza kukoroga. Jasho lilinitoka hadi kwenye macho. Unga ukabadilika rangi, kwanza kama mchanga, halafu kama udongo wa kuta zetu, halafu ukaanza kunukia kama karanga. Nikaongeza ile supu niliyochemshia vile vya ndani, kijiko kwa kijiko, nikikoroga upande mmoja, nikiomba Mungu kimoyomoyo. Hofu yangu yote ilikuwa kwenye madonge. Nilipoona mchuzi umekaa laini, umeng'aa, unashuka kwenye mwiko taratibu bila donge hata moja, nikamimina zile nyama nilizokatakata ndani, nikatia nyanya na dania, nikakaa chini kwenye kigogo. Nusura nilie kwa furaha.

Nabwire alikuja kuonja. Alikuwa amevaa gauni lake jipya la kijani na kusuka nywele, na alikuwa amekonda wiki hiyo kwa kutokula. Akalamba kidole, akafumba macho. "Nafula," akasema, "hii watakula hadi wasahau njia ya kwenda kwao." Nilikuwa sijamwona akitabasamu tangu mwaka uliotangulia.

Wageni walifika saa saba, wazee sita na kina mama wawili, wamevaa makoti juani. Mkubwa wao alikuwa baba ya Egesa, Mzee Wandera, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu ya kijivu, asiyesema sana. Msemaji wao alikuwa mdogo wake, Bwana Ojiambo, mwembamba, mwenye macho yanayozunguka kila pembe ya nyumba kama mtu wa forodha. Baba aliwakalisha sebuleni, kwenye viti vyetu vyenye vitambaa vya kufuma alivyofuma Nabwire mwenyewe, na ikakubaliwa kwamba chakula kiliwe kwanza, maneno yaje baadaye. Huo ndio ulikuwa utaratibu: ukiona mgeni amekula kwako na kushiba, maneno yatakayofuata ni ya kujenga.

Jikoni Senge alikunja mikono ya gauni akaanza kupanga nyama kwenye bakuli kubwa la maua, lile la kuwekea wageni tu. Mapaja hapa. Mabawa hapa. Kifua katikati. Mgongo. Mkono wake ukaingia tena kwenye sufuria, ukazunguka, ukatoka mtupu. Akaingiza tena.

"Mulamwa," akamwambia mama, "imondo iko wapi?"

Mama akaacha kusonga ugali. Akanitazama. Sote wawili tulikumbuka lile bakuli la bati kwa wakati mmoja, niliona usoni kwake.

"Nafula, imondo iko wapi?"

"Nimekata."

"Umekata namna gani?"

"Ndogo ndogo. Iko kwa mchuzi."

Hakuna aliyenipiga. Nilingoja kupigwa, na ningeshukuru. Senge alikaa chini polepole akishikilia ukuta, na mama akabaki amesimama na mwiko wa ugali hewani hadi ugali ukaanza kuungua na akanusa mwenyewe. Nabwire alikuwa mlangoni. Alienda akakaa juu ya gunia la makaa na lile gauni lake jipya, akaweka mikono magotini, akatazama chini. Nimeona mambo mengi tangu wakati huo, nimezika wazazi wangu wote wawili, lakini sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia nikimwona dada yangu kwenye gunia lile.

Kisha wakaanza kutafuta njia. Mama akasema nikimbie kwa jirani, achinje kuku, tuchukue imondo yake. Senge akamwuliza kama ana akili, imondo ya kuku ni kama kifungo cha shati mbele ya mapaja yale, mtoto mdogo angejua. Senge mwenyewe akachukua kijiko, akainama juu ya mchuzi wangu na kuanza kuvua vile vipande kimoja kimoja, akiviweka kwenye kisahani, akivibana kwa vidole vishikamane viwe kitu kimoja. Mwanamke ambaye hakuwahi kugusa mchuzi wa kuku sasa alikuwa ameingiza vidole hadi kwenye kifundo. Kila akibana, vinaanguka. Na huwezi kutofautisha imondo na moyo, vyote vimekuwa rangi moja. Sebuleni tulisikia baba akikohoa, kikohozi kile cha kutuambia kwamba chakula kimechelewa.

"Peleka," mama akasema mwishowe. "Peleka hivyo hivyo. Mungu anajua."

Tukapeleka. Mimi nilibeba mchuzi, maana ulikuwa wangu. Nilipiga magoti, nikauweka mbele ya Mzee Wandera, nikarudi nyuma ya pazia la mlango wa kati na kubaki pale nimejikunja. Mama alikuwa nyuma yangu, ameshika bega langu kwa nguvu hadi likauma. Tukawa tunachungulia kama wezi.

Wakakiombea chakula, wakaanza kula. Mzee Wandera alichukua ugali, akachovya kwenye mchuzi, akatia mdomoni. Akachovya tena. Hakugusa paja. Hakugusa kifua. Nikamwambia Mungu kwamba nikitoka salama hapo sitapika tena. Bwana Ojiambo alikuwa akigeuza nyama kwa ncha ya kisu, anainua hiki, anachungulia chini ya kile, na nikajua anachotafuta. Baba naye alijua, kwa sababu alikuwa ametazama lile bakuli la maua na rangi ya uso wake ikabadilika. Hakuwa ameambiwa kitu.

Bwana Ojiambo akaweka kisu chini, akajipangusa mdomo.

"Wazee," akasema, "chakula ni nzuri, tunashukuru. Lakini kuna kitu mimi naangalia kwa hii bakuli, na sioni. Mniambie tu. Hii ndege ilizaliwa bila imondo?"

Mmoja wa wale kina mama wa Funyula akarudisha ugali wake kwenye sahani na kuanza kujifunga leso kiunoni, vile mtu anavyojifunga akijiandaa kuinuka.

Mzee Wandera akainua mkono wa kushoto.

"Ojiambo, kula."

"Mzee, mimi nasema tu vile naona."

"Imondo nimekula mimi. Imekuja kwangu, nimekula, imeisha. Ama ulikuwa unataka ikuje kwako?"

Kisha mzee mmoja pembeni akashindwa kujizuia, akamwaga chai, na kicheko kikaenda kiti kwa kiti hadi kikamfikia baba, ambaye alicheka kama mtu aliyefunguliwa pingu. Bwana Ojiambo akainamia sahani yake. Yule mama akafungua leso. Nyuma ya pazia mama akakaa pale pale sakafuni.

Mimi sikuelewa. Nilijua imondo ilikuwa wapi, nilikuwa nimeikata mwenyewe. Walipomaliza kula nilipeleka karai na jagi la maji ya uvuguvugu kuwanawisha, nikaanzia kwa Mzee Wandera. Wengine walikuwa wanaongea kwa sauti, wameshiba. Aliacha mikono yake chini ya maji muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na bila kuniangalia akasema polepole:

"Ni wewe umepika mchuzi?"

"Ndiyo, mzee."

"Umekata imondo ndani."

"Ndiyo, mzee. Sikujua. Nisamehe."

Akafungua mdomo kidogo, kama mtu anayepiga miayo, akanionyesha. Nyuma hakukuwa na kitu, ufizi mtupu, juu na chini. "Miaka saba," akasema. "Kila nyumba naenda, napewa imondo nzima, na watu wote wananiangalia nikitafuna. Mkubwa hawezi sema hawezi. Naizungusha kwa mdomo, nikitoka nje natupia mbwa. Leo nimekula imondo kama mtu." Akakung'uta maji mikononi. "Usiambie mtu yeyote, mama."

Aliniita mama, mimi mtoto wa darasa la nane, na sikumwambia mtu. Maneno ya siku ile yalikwenda vizuri, Nabwire akaolewa Funyula Desemba hiyo hiyo. Mama aliamini mzee alitusitiri kwa huruma tu. Senge, hadi anaingia kaburini, alifundisha wanawake wa Nambale kwamba imondo ya sekoko huyeyuka yenyewe kwenye mchuzi ikiwa nyumba imebarikiwa. Mzee Wandera naye kila alipokuja kwetu aliuliza kama yule mpishi yupo, na mimi nilikaa jikoni nikikata imondo ndogo ndogo kwa siri, nikiogopa vile vile kama siku ya kwanza, mtu asiingie. Alipofariki, watu mazishini walisimulia jinsi alivyokuwa mtu wa kuheshimu mila. Nilikaa kwenye nyasi nikalia na kucheka ndani ya leso.

Haya nimeyakumbuka kwa sababu Agosti iliyopita binti wa mwisho wa Nabwire naye alikuja kuombwa. Haikufanyika nyumbani. Vijana walikodi bustani hapa mjini, wakafunga mahema meupe, wakaleta wapishi wenye kofia na mtu wa muziki mwenye spika kubwa kama kabati. Chakula kilikuwa kingi, siwezi kusema uongo. Vijana walikipiga picha kwanza, kila sahani, kana kwamba kingekimbia, kikapoa, ndipo wakala. Imondo zilikuwepo pia, tena sinia nzima, zimekaangwa na pilipili hoho na kuwekwa karibu na muziki. Wasichana wenye kucha ndefu walikuwa wanazidunga kwa vijiti vya meno na kuzila wakisubiri nyama yenyewe.

Mkubwa wa wageni alikuwa babu ya kijana, mzee wa Rukala kule Budalang'i, ametoka huko asubuhi na mapema na suti yake iliyokunjwa siku nyingi. Kijana mmoja mwenye aproni alimletea sahani: wali, chapati, mchuzi uliotoka kwenye paketi, na kipande cha mgongo. Mzee akageuza kile kipande kwa uma. Akainua chapati, akachungulia chini yake, akairudisha. Nilimwona kutoka meza ya tatu, nikaweka sahani yangu chini na kuinuka haraka kama nina miaka kumi na minne.

Nikamwendea Nabwire, nikamshika mkono. "Mzee wa wageni amepewa imondo?"

Dada yangu akacheka, kicheko cha mtu aliyeshiba na mwenye raha. "Nafula, bado uko huko? Hiyo mambo iliisha. Siku hizi kila mtu anajipakulia." Akanipigapiga bega, akaenda kupigwa picha na wakwe.

Nikageuka kutazama upande wa wapishi. Walikuwa wamekaa juu ya makreti ya soda, kila mmoja na simu yake, wametulia kabisa. Yule mzee alikuwa ameweka uma chini na kusukuma sahani kando, mikono yake juu ya fimbo, akitazama watu wakicheza. Katika umati wote ule hakukuwa na mtu hata mmoja aliyeingiwa na hofu juu yake, isipokuwa mimi.